Ukwaju, ubani na majimoto: majina ya asidi yalikotoka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninatengeneza juisi ya ubuyu na ya ukwaju, pamoja na achari ya maembe, ninauza hapa Tanga. Kwenye pakiti za dukani nasoma asidi ya sitriki, asidi ya tartariki, asidi ya maliki, sodiamu benzoati. Chupa ya siki imeandikwa asidi ya asetiki, lakini mwanangu wa kidato cha nne anasema kitabu chake kinaiita ethanoiki. Majina haya yametoka wapi? Na je, asidi hizi zinatoka kwenye matunda kweli au ni za kiwandani?

JIBU: Marahaba, dada. Karibu kila jina ulilolisoma kwenye pakiti hizo linataja kitu cha asili: tunda, mdudu, mnyama, utomvu wa mti, hata ukoko uliogandia ndani ya pipa. Ila jina la asidi ni kama cheti cha kuzaliwa. Linaonyesha mahali ambapo mkemia aliikuta asidi hiyo kwa mara ya kwanza, basi. Halisemi inatengenezwa wapi leo, wala halisemi ni mmea gani unaoibeba kwa wingi zaidi. Ndiyo maana asidi ya sitriki uliyonunua huenda haijawahi kukutana na limau, na ukwaju wako umejaa asidi yenye jina la mashapo ya mvinyo.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa neno lenyewe. Wengi wetu tukisikia asidi, au tindikali, tunawaza maji ya betri. Hizi tunazozungumzia ni asidi za kikaboni: molekuli zake zimejengwa kwa kaboni, na nyingi hutengenezwa na viumbe hai. Kikemia zinaitwa dhaifu, kwa sababu zikiingia majini huachia sehemu ndogo tu ya hidrojeni yake. Lakini dhaifu si sawa na salama. Asidi ya asetiki isiyochanganywa na maji huunguza ngozi na macho vibaya sana, na haifai kuwekwa jikoni.

Mtu wa kwanza wa kumjua katika habari hii ni Carl Wilhelm Scheele, mfamasia aliyezaliwa Stralsund mwaka 1742 na kufanya kazi Sweden mpaka alipofariki mwaka 1786, mwishoni akiwa na duka la dawa katika mji mdogo wa Köping. Kabla yake, watu walijua kuwa limau, siki na maziwa yaliyolala vyote vina uchachu. Hawakujua kama ni uchachu mmoja au ni vitu mbalimbali, kwa sababu uchachu mwingi wa aina hiyo ulikuwa haujatolewa ukiwa peke yake. Chemsha juisi ya limau mpaka ikauke uone: hupati asidi, unapata kitu cheusi kinachonata, sukari na utomvu vimeungua pamoja.

Scheele alitumia chokaa. Alichemsha juisi ya limau akaitia chokaa kidogo kidogo. Asidi ikashikana na chokaa, ukatokea unga mweupe usioyeyuka, ukatuama chini. Akamwaga maji ya juu pamoja na sukari na uchafu wote, akauosha ule unga, kisha akautia asidi ya salfuriki. Asidi hiyo ina nguvu zaidi, kwa hiyo ilijitwalia chokaa na kuwa jasi, nayo ikabaki chini. Juu yalibaki maji yenye asidi ya limau tupu. Alipoyavukiza, fuwele nyeupe zikajitokeza. Huo ulikuwa mwaka 1784. Ninapofundisha sehemu hii huwa sina haraka, maana kila hatua inafanywa kwa vitu ambavyo mtu wa Tanga anavijua, isipokuwa asidi ya salfuriki.

Kwa njia za aina hiyo alizipata nyingine moja baada ya nyingine. Tartariki ilitoka kwenye mashapo ya mvinyo mwaka 1769. Laktiki ilitoka kwenye maziwa yaliyochachuka mwaka 1780. Ndiyo iliyomo kwenye mtindi wetu, kwenye maziwa lala ya Kenya na mursik ya Wakalenjin, na ndiyo inayoupa uji wa kuchachusha ladha yake. Maliki aliikuta kwenye matufaha mabichi mwaka 1785, na hapo chokaa ilimkatalia, kwa sababu asidi hii ikishikana na chokaa inabaki imeyeyuka majini. Akalazimika kutumia chumvi ya risasi badala yake. Na mwaka 1776 alikuwa ameshatengeneza asidi ya oksaliki kwa kuitia sukari asidi ya naitriki, kabla haijafahamika kwamba ni ileile iliyomo kwenye majani machachu ambayo Wagiriki waliyaita oxalis. Hiyo oksaliki unaifahamu kwa mwili wako hata kama hujui jina lake: gimbi lisiloiva vizuri linawasha koo kwa sababu ndani yake mna fuwele za oksaliki na kalisi zenye umbo la sindano. Mchicha na spinachi pia zinayo, na ukizichemsha kisha ukamwaga maji, sehemu yake huondoka na maji hayo.

Mpangilio wa majina ulikuja mwaka 1787. Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walichapisha Paris kanuni za kuita vitu vya kemia. Kwa asidi, walichukua jina la Kilatini la kitu kilikotoka, wakaongeza -ique mwishoni. Citrus, jamii ya malimau na machungwa, ikazaa sitriki. Malum, tufaha, ikazaa maliki. Lac, maziwa, ikazaa laktiki. Acetum, siki, ikazaa asetiki. Ule mkia wa Kifaransa ndio -iki tunayoitamka leo.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako: tunda au kiwanda? Kwa miaka mingi sitriki ilitoka kwenye malimau kweli, na biashara hiyo ilishikwa na Italia, hasa kisiwa cha Sicily. Mwaka 1893 Mjerumani Carl Wehmer aligundua kwamba kuvu fulani hutengeneza sitriki wakilishwa sukari. Mwaka 1917 James Currie, nchini Marekani, alionyesha kwamba kuvu mweusi anayeitwa Aspergillus niger, jamaa wa ule ukungu unaouona kwenye vitunguu vilivyokaa sana, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na mwaka 1919 kampuni ya Pfizer ikaanza kuzalisha kwa njia hiyo. Tangu hapo malimau yakaachwa yaliwe. Sitriki uliyo nayo, karibu kwa hakika, ni kazi ya kuvu huyo aliyelishwa sukari au molasi. Je, ni tofauti na ya limau? Hapana. Molekuli ni ileile, na ukizitenganisha vizuri zote mbili hakuna kipimo cha kawaida cha maabara kitakachokuambia ipi ni ya nani. Limau lina faida yake, ila faida hiyo iko kwenye harufu, vitamini na vitu vingine vilivyomo pamoja na sitriki.

Tartariki inakuhusu zaidi. Wanaotengeneza mvinyo wanajua kwamba ndani ya mapipa hujengeka ukoko mgumu, ambao Walatini wa zama za kati waliuita tartarum. Ni chumvi ya potasiamu na asidi iliyomo kwenye zabibu. Scheele aliitoa asidi yake humo, ikachukua jina la ukoko. Lakini ukitafuta tunda lenye tartariki kwelikweli, zabibu haioni ndani mbele ya ukwaju. Nyama ya ukwaju ni miongoni mwa vyakula vyenye tartariki nyingi kuliko vyote tunavyokula, na ina tabia ambayo matunda mengi hayana. Embe likiiva ugwadu unaondoka. Ukwaju ukiiva sukari inaongezeka lakini tartariki inabaki palepale, na ndiyo sababu ukwaju uliokauka mtini bado unakukunjisha uso. Lau duka la Scheele lingekuwa Pangani, sina shaka kabisa jina lingekuwa la ukwaju. Nasema hivi kwa sababu wanafunzi wetu hudhani kemia ni ya matufaha na mvinyo, vitu vya mbali, kumbe majina ndiyo ya mbali na vitu vyenyewe viko kwenye ghala lako. Unga wa ubuyu peke yake una sitriki, tartariki na maliki kwa pamoja.

Kuna jambo moja la tartariki ambalo ni lazima nikueleze, kwani linajibu swali la tunda au kiwanda kwa namna nyingine. Mwaka 1848 Louis Pasteur, kijana wa miaka 25, alikuwa akichunguza chumvi ya asidi iliyoitwa rasemiki, kutoka racemus, shada la zabibu. Ilikuwa na viungo vilevile vya tartariki lakini haikupindisha mwanga kama tartariki ilivyofanya. Alipozitazama fuwele zake kwa darubini aliona ni za aina mbili, moja taswira ya mwenzake kiooni. Akazichambua moja moja kwa koleo ndogo, mafungu mawili, akayeyusha kila fungu peke yake. Fungu moja likapindisha mwanga kulia, la pili kushoto. Maana yake molekuli yenyewe ina umbo la kulia na la kushoto, na zabibu hutengeneza moja tu. Ndivyo ilivyo kwa maliki. Tufaha na ubuyu hutoa umbo moja, lakini maliki ya kiwandani kwa kawaida ni mchanganyiko wa yote mawili nusu kwa nusu. Kwa hiyo mtu akikuambia za kiwandani zote ni sawasawa na za tunda, mwambie ni kweli kwa sitriki, lakini kwa maliki atazame vizuri.

Siki nitaipitia haraka. Asidi ya asetiki hutengenezwa na bakteria wanaogeuza pombe kuwa siki, na siki ya nazi na ya matunda hupatikana hivyo hadi leo. Lakini siki nyingi nyeupe za bei nafuu ni asidi ya asetiki iliyotengenezwa kiwandani kutokana na methanoli na kaboni monoksaidi, kisha ikapunguzwa kwa maji. Kwa achari zote mbili zinahifadhi, mradi nguvu iliyoandikwa kwenye lebo isiwe ndogo. Soma lebo ujue unalipia ipi.

Fomiki, hiyo ni ya wadudu chungu. Formica kwa Kilatini ni chungu mdogo anayetembea, na mwaka 1671 Mwingereza John Ray aliandika habari za kukeneka wadudu hao na kupata maji makali yanayofanana na siki. Mjerumani Andreas Marggraf akaisafisha vizuri mwaka 1749. Watu wengi hapa kwetu hufikiri ni siafu. Siafu huuma kwa taya zake, hana asidi hiyo. Anayeibeba ni majimoto, yule mwekundu anayeshona majani ya mwembe na mnazi kuwa kiota. Ukipanda mti wake anakuuma, kisha anainua tumbo na kunyunyizia fomiki palepale kwenye jeraha, na jina tulilompa linaeleza mwenyewe unavyojisikia. Tangu miaka ya 1950 watafiti waliofanya kazi Zanzibar waliandika jinsi majimoto wanavyolinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza vidaka na kuvipukutisha, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kimewachunguza kama walinzi wa mikorosho. Kwa hiyo kama embe zako za achari zinatoka kwenye shamba lenye majimoto, usiwe mwepesi wa kuwanyunyizia dawa. Na kwa kuwa vitabu vingi vya shule hurudia kwamba nyuki pia huchoma kwa fomiki, mwambie mwanao kwamba maumivu ya nyuki yanatokana hasa na protini ndogo iitwayo melitini.

Kisha kuna ukoo mkubwa wa asidi za mafuta. Mkubwa wao kwa historia ni Michel Eugène Chevreul, Mfaransa aliyeishi miaka 102, ambaye mwaka 1823 alichapisha kazi yake juu ya mafuta ya wanyama. Aliivunja sabuni kwa asidi na kuona kwamba mafuta ni asidi zilizofungwa pamoja na gliserini. Siagi iliyochacha ilimpa butiriki, kutoka butyrum, siagi. Nyingine ndogo zenye harufu ya zizi akaziita kwa jina la mbuzi, capra: kaproiki na kapriki, na baadaye kapriliki ikaongezwa na mwingine. Maziwa ya mbuzi yana asidi hizo kuliko maziwa ya ng'ombe, na ndizo zinazoyapa ladha ambayo wengine wanaipenda na wengine hawataki kuisikia. Ile nyingine yenye kung'aa kama lulu aliiita margariki, kutoka neno la Kigiriki la lulu. Baadaye ilionekana kuwa ni mchanganyiko wa palmitiki na steariki, lakini jina lilikuwa limeshatangulia sokoni: mwaka 1869 Mège-Mouriès alipotengeneza badala ya siagi, ikaitwa majarini.

Hapa ndipo lile nililosema juu ya cheti linaonekana wazi kabisa. Asidi ya lauriki iliitwa hivyo mwaka 1842 kwa sababu ilitolewa kwenye tunda la mlaureli wa Ulaya, mti ambao majani yake huuzwa kama kiungo cha pilau. Wakati huohuo, karibu nusu ya mafuta ya nazi ni lauriki. Sabuni ya nazi inatoa povu jingi kwa sababu yake, na mkoa wako umeipika tangu zamani, lakini jina limebaki la mlaureli. Miristiki ni kungumanga. Palmitiki ni mchikichi, na mawese ya Kigoma yanastahili kabisa heshima hiyo. Asidi ya arakidiki imeitwa kwa jina la karanga ingawa karanga zenyewe zinayo kidogo sana. Risinoleiki, iliyojaa kwenye mafuta ya mbarika, imetoka kwenye ricinus, kupe kwa Kilatini, maana mbegu ya mbarika na kupe aliyeshiba vinafanana kwa umbo na madoadoa. Na beheniki, iliyomo kwenye mafuta ya mbegu za mlonge, inabeba jina la Bahman, mwezi wa kalenda ya Kiajemi.

Nimekiacha kwa makusudi kile cha kwenye pakiti yako kinachoitwa sodiamu benzoati, chumvi ya asidi ya benzoiki. Katika majina yote ya kemia, hili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu limepita kwenye bahari yetu. Wafanyabiashara Waarabu walileta kutoka visiwa vya Sumatra na Java utomvu wenye harufu nzuri, wakauita lubān jāwī, ubani wa Jawi. Ni lubān ileile iliyotupa neno ubani tunaloliweka kwenye chetezo. Bidhaa ilipofika bandari za Ulaya, watu wa huko walisikia ile silabi ya mwanzo kama kitambulisho cha nomino cha lugha zao, wakaiacha. Lubān jāwī ikawa benjui, ikawa benzoini. Utomvu huo ulipochemshwa, mvuke wake uligandia kama fuwele nyembamba nyeupe, habari iliyoandikwa tayari katika karne ya 16, nazo zikaja kuitwa asidi ya benzoiki.

Safari haikuishia hapo. Mwaka 1833 Eilhard Mitscherlich, huko Berlin, aliipasha moto asidi ya benzoiki pamoja na chokaa, akapata kioevu chepesi kinachowaka haraka. Akakiita Benzin, kwa kufuata asidi aliyoanza nayo. Ni kilekile ambacho Michael Faraday alikuwa amekipata mwaka 1825 kutokana na mafuta ya gesi ya taa, na ndicho kemia ya leo inachokiita benzini. Jina hilo baadaye lilihamia kwenye petroli katika lugha nyingi. Leo dereva wa Muscat au Dubai akiingia kituoni anaomba banzīn, na hajui kwamba anatumia kipande cha neno la mababu zake lililokwenda Ulaya likiwa ubani na kumrudia likiwa mafuta ya gari.

Asidi ya askobiki, yaani vitamini C, ni tofauti na hizo zote, kwa sababu imeitwa kwa ugonjwa. Scorbutus ni kiseyeye, na ile a- ya mwanzo ni ya kukanusha: asidi inayozuia kiseyeye. Ugonjwa huo uliwahi kuandikwa hapahapa kwenye pwani yetu. Vasco da Gama alipokuwa akirudi kutoka India, meli zake zilichukua karibu miezi mitatu kuvuka, kuanzia Oktoba 1498 hadi Januari 1499. Mwandishi wa safari hiyo anasimulia fizi zikivimba na kufunika meno hata watu wasiweze kula, na mabaharia 30 walikufa njiani. Walipofika Malindi, alituma watu nchi kavu wakalete machungwa, kwa sababu wagonjwa waliyatamani sana. Miili yao ilijua kabla ya vitabu. Ilipita karibu miaka 250 kabla ya James Lind, mwaka 1747, kuwagawia mabaharia 12 wagonjwa dawa mbalimbali na kuona kwamba wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi.

Asidi yenyewe ilipatikana mwaka 1928 mikononi mwa Albert Szent-Györgyi, Mhungari aliyekuwa akifanya kazi Cambridge. Hakujua ni nini, ila aliona inafanana na sukari, akapendekeza kuiita ignose, jina linalokiri kutokujua. Mhariri wa jarida alilikataa. Baadaye, akiwa Szeged, aliitoa kwa wingi kwenye pilipili za paprika, ikathibitika kuwa ndiyo vitamini C, na mwaka 1933 ikapata jina la askobiki. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1937.

Na kwa kuwa wewe ni mama, nikutajie moja ambayo hukuiuliza: foliki, ile ya vidonge vinavyotolewa kliniki kwa wajawazito pamoja na madini ya chuma. Jina lilitoka kwenye folium, jani, mwaka 1941, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kuchakata tani nne za spinachi ili wapate kiasi kidogo tu cha kuchunguza.

Sasa tumrudie mwanao na ethanoiki yake. Katika karne ya 19 asidi ziligunduliwa kwa wingi mno hata majina ya mimea na wanyama yakawachosha watu, kwani hayaelezi chochote juu ya muundo. Mwaka 1892 wakemia walikutana Geneva wakaanza kupanga majina kwa hesabu ya atomi za kaboni. Yenye kaboni moja ni methanoiki, ndiyo fomiki. Yenye mbili ni ethanoiki, ndiyo asetiki. Yenye tatu ni propanoiki, yenye nne butanoiki. Kitabu chake kiko sahihi na chupa yako ya siki iko sahihi. Tena baraza la kimataifa linalosimamia majina ya kemia linaendelea kuyapa fomiki na asetiki nafasi ya kwanza. Kwenye mtihani aandike lile la silabasi, lakini ajue yote mawili, maana viwandani na madukani atakutana na la zamani. Na mwonyeshe hili: ile but- ya butanoiki, inayoonekana kama hesabu tupu, ilikatwa kutoka butiriki, siagi ya Chevreul. Ile prop- ya propanoiki ni maneno mawili ya Kigiriki, ya kwanza na mafuta, kwa kuwa ndiyo asidi ndogo kuliko zote inayoanza kuwa na tabia za asidi za mafuta. Hata meth- ilitungwa kutokana na maneno ya Kigiriki ya mvinyo na mti, kwa ajili ya pombe iliyokenekwa kwenye kuni. Mfumo mpya umesimama juu ya majina ya zamani.

Nimalizie na biashara yako, kwa mambo mawili ambayo yanatokana na haya yote. La kwanza ni vyombo. Ukwaju na ubuyu visichemshwe wala kulazwa kwenye sufuria ya alumini. Asidi zake huila alumini polepole, juisi inabeba madini na ladha inabadilika. Tumia sufuria ya stenlesi, au chungu, au chombo cha enameli isiyobanduka.

La pili ni zito zaidi. Benzoati hufanya kazi kwenye vinywaji vichachu tu, kwa hiyo kwenye juisi ya ukwaju inafaa, ukifuata kiwango kinachoruhusiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Ubuyu ni habari nyingine. Ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito uleule, na benzoati ikikaa pamoja na askobiki ndani ya kinywaji kichachu, hasa chupa ikipigwa na joto na jua na mkiwa na chembe za chuma au shaba, sehemu ya benzoati inaweza kugeuka kuwa ile benzini ya Mitscherlich. Kiasi kinachopatikana huwa kidogo sana, lakini benzini husababisha saratani, na hakuna sababu ya kuiruhusu kwenye chupa yako. Kwa juisi ya ubuyu acha benzoati. Ipashe moto, ijaze ikiwa moto kwenye chupa safi za glasi, iweke baridi na uiuze mapema. Ukilazimika kutumia kihifadhi, tafuta potasiamu sobati. Hiyo haigeuki benzini, na asili yake ni asidi ya sobiki, ambayo August Wilhelm Hofmann aliitoa mwaka 1859 kwenye matunda mekundu ya mti wa Ulaya uitwao Sorbus.